Mikono ya Bibi Kamua

Katika nyumba ile ya wapangaji wanne hakuna aliyenunua saa ya kumwamsha. Siku za maji, yaani Jumanne na Jumamosi, Bibi Kamua alikuwa amesimama uani kabla hakujapambazuka, ametega sikio chini ya mnara wa tangi. Maji yakianza kuingia kule juu, alipita mlango hadi mlango akigonga kwa kifundo cha kidole, ili kila mmoja awahi kukinga yake.

"Maji jamani! Maji! Mwenye kulala na alale na kiu yake!"

Bibi huyo alikuwa dobi. Kwa miaka thelathini alifua na kukamua mashuka ya hospitali. Sasa alikuwa mzee anayeishi peke yake katika chumba cha mwisho, lakini mikono yake haikuwa na habari kwamba imestaafu. Akikamua taulo, halikubaki na tone. Akifunga chupa, aliyetaka kuifungua aliomba msaada. Ndiyo maana wapangaji walimpa jina hilo la Kamua, naye alilipenda. "Ng'ombe hazeeki maini," aliwaambia huku akiwaonyesha viganja.

Katika chumba cha pili kutoka kwake aliishi fundi bomba na mkewe, pamoja na binti yao wa miaka kumi na miwili. Binti huyo naye alikuwa na jina la kupewa: Najua. Hakulipata bure. Ukimwambia chakula kinaungua, alisema "najua" bila kuinuka. Ukimfundisha hesabu, alisema "najua" kabla hujashusha chaki. Mwalimu wake aliwahi kuandika katika ripoti kwamba mtoto huyu ana akili nzuri, ila mdomo wake hufika kabla ya masikio.

Siku moja baba yake alimwita chini ya mnara wa tangi. "Hapa chini, mwanangu, kuna koki kuu. Siku bomba likiharibika na mimi sipo..."

"Najua, Baba," alijibu Najua. Macho yake yalikuwa kwa wenzake waliokuwa wakiruka kamba barabarani. Baba alimtazama kidogo, akachukua mfuko wake wa vifaa, akaenda kazini.

Bomba la uani lilikuwa moja tu, na lilikuwa linavuja. Tone, tone, tone, mchana kutwa. Aibu yenyewe ni kwamba lilivuja mlangoni pa fundi bomba. Kila Jumapili Baba aliahidi kulitengeneza, na kila Jumapili simu yake ililia kwamba bomba la mtu mwingine limepasuka. Kinyozi hajinyoi. Wapangaji walizoea, wakaweka ndoo chini yake, na Bibi Kamua kila alipolitumia alilikaza kwa nguvu zake zote.

"Taratibu, Bibi," Baba alimwambia. "Bomba bovu halitaki nguvu."

"Mikono yangu haikufundishwa taratibu," Bibi alijibu, na wote wakacheka.

Alhamisi ile, darasani kwa kina Najua, mwalimu alifundisha kuhusu maji yanavyopotea majumbani. Akauliza nani amewahi kuona bomba linalovuja. Msichana aliyekaa dawati moja na Najua, ambaye nyumba yao ilitazamana na ya kina Najua, akanyoosha mkono juu kabisa.

"Mwalimu, kwa kina huyu! Baba yake ni fundi bomba, lakini bomba lao linavuja tangu mwaka uanze!"

Darasa zima likacheka. Uso wa Najua ukaiva. "Linatengenezwa leo," alisema.

"Na nani?"

"Na mimi. Najua kutengeneza bomba."

"Haya, kesho tutaulizana," alisema jirani yake, na darasa likacheka tena. Mdomo huponza kichwa, na mdomo wa Najua ulikuwa umeshafanya kazi yake.

Aliporudi nyumbani mchana, uani palikuwa kimya. Baba alikuwa kazini, Mama yuko kwenye kibanda chake cha ushonaji. Dereva, mpangaji wa chumba cha tatu, alikuwa safarini. Mama Pacha wa chumba cha kwanza alikuwa amewapeleka watoto wake kliniki. Bibi Kamua alikuwa amelala kama kawaida yake ya mchana, na mkoromo wake ulisikika mpaka nje.

Najua aliingia ndani, akavuta spana ya zamani ya Baba iliyokuwa chini ya kitanda. Alikuwa amemwona Baba akikaza mabomba mara nyingi mno. Jambo ambalo hakuwahi kulitazama vizuri ni kwamba Baba, kabla ya kukaza, hufungua kwanza aone ndani kuna nini.

Alikibana kishikio cha bomba kwa spana, akazungusha. Matone yakapungua. Akazungusha tena. Tone la mwisho likaning'inia kwenye mdomo wa bomba, halikuanguka.

"Si nilisema!" aliliambia bomba.

Angeishia hapo, labda hadithi hii isingekuwapo. Lakini alitaka kuwa na hakika. Akaweka mguu ukutani, akaning'inia kwenye spana kwa mikono miwili. Ndani ya bomba kitu kikalia "kta". Kishikio kikalegea ghafla, kikazunguka bila kushika chochote, na maji yakatoka. Hayakuwa matone tena. Ulikuwa mkondo mnene kama mpini wa jembe.

Najua alizungusha kulia, akazungusha kushoto. Kishikio kilizunguka tu. Alikandamiza kiganja, maji yakamrukia machoni. Akafunga kitambaa juu, kikaangukia kwenye ndoo. Akakata kipande cha mpira wa baiskeli, akalizungushia bomba mara tano na kuuvuta kwa meno, lakini maji yakaurusha mpira hadi ukutani.

Hapo akakumbuka koki kuu. Alikimbia chini ya mnara wa tangi. Kulikuwa na matofali yaliyovunjika, pipa lenye kutu, kipande cha bati na jiko bovu la mtu aliyehama. Baba alisema "hapa chini". Chini wapi? Alizunguka mnara mara mbili, akainua tofali hili na lile, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani kumsikia mtu akimweleza kitu tangu mwanzo hadi mwisho.

Akaanza kukinga. Alileta ndoo, beseni, sufuria, mpaka birika la chai. Vyote vikajaa, vikafurika, na maji yakashika njia ya mtaroni. Yalikuwa maji ya watu wote, ya kutumia hadi Jumamosi.

Palepale angeweza kumwamsha Bibi Kamua. Angeweza kukimbia kibandani kwa Mama. Safari yenyewe haikuzidi dakika tano. Lakini alisimama, gauni limemganda mwilini, akaona jinsi itakavyokuwa: binti wa fundi bomba amevunja bomba. Jirani yake wa dawati atalisikia kabla jua halijatua, na darasa zima kabla ya kengele ya kesho. Aibu ikamshika miguu. Akaifuta spana kwa gauni, akairudisha chini ya kitanda. Akabadilisha nguo, akafungua daftari la hesabu, akaketi. Alisoma mstari mmoja mara ishirini, na muda wote huo alisikia maji yakimwagika.

Bibi Kamua ndiye aliyeamka. "Mungu wangu! Maji!"

Kupitia upenyo wa pazia Najua alimwona Bibi akilikimbilia bomba na kulishika kwa ile mikono yake ya dobi. Alilizungusha na kulizungusha, akiliita "tulia, tulia" kama mtu anayembembeleza mtoto. Wakati huohuo lango likafunguliwa, Mama Pacha akaingia, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi.

"Bibi! Umelivunja!"

"Nimelikuta hivi, mwanangu."

"Umelikuta vipi, na wewe ndiye umelishika? Kuna nani mwingine hapa? Kila siku tunakwambia usilikaze, usilikaze!"

Najua akatoka, kalamu mkononi, amevaa uso wa mtu aliyesumbuliwa masomoni.

"Na wewe ulikuwapo?" Mama Pacha alimgeukia. "Umeona kitu?"

"Mimi nilikuwa nasoma."

Yalikuwa maneno matatu tu, na Mama Pacha hakuuliza zaidi. Bibi Kamua aliliachia bomba taratibu. "Mchana nilisuuza kikombe," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Nikalifunga. Nadhani nililifunga. Au nililikaza mno?" Aliitazama mikono yake, upande huu na upande ule. "Jamani, mbona sikumbuki?"

Baba alipigiwa simu. Alipofika, saa nzima ilikuwa imepita. Alikwenda moja kwa moja chini ya mnara, akasogeza kile kipande cha bati, akaingiza mkono kwenye shimo dogo na kuzungusha kitu. Maji yakakatika. Kisha akapanda mnarani, akagonga tangi kwa ngumi, nalo likalia karibu tupu.

Jioni hiyo wapangaji walikusanyika uani kutazamana. Bibi Kamua akasogea mbele yao, mikono ameiunganisha tumboni.

"Fundi, mwanangu, naomba radhi. Na nyinyi wote nawaomba radhi. Ni mikono yangu hii."

"Maji yakimwagika hayazoleki, Bibi," alisema Dereva, aliyekuwa amerudi wakati huo. "Tutachota kisimani mtaa wa pili, angalau vitambi vitapungua." Alicheka mwenyewe. Najua, aliyesimama nyuma ya mama yake, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wakati wa chakula Baba alimuuliza, "Wewe ulikuwa nyumbani. Hukusikia chochote?"

"Sikusikia, Baba."

Akasukuma sahani yake pembeni. Mama alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Kesho yake, Ijumaa, watu waliamka mapema kwenda kisimani na madumu. Mama Pacha alifua nepi za watoto wawili kwa maji ya beseni moja, na maneno aliyoyasema wakati akifua si ya kuandikwa kitabuni. Shuleni, jirani wa dawati alikuwa anamngojea Najua.

"Enhe, fundi. Bomba vipi?"

"Limeacha kuvuja," alisema Najua. Ilikuwa kweli. Bomba lisilo na maji halivuji. Jirani yake akapiga makofi, akawaambia wengine, na mwalimu akampongeza mbele ya darasa. Najua alitazama miguu yake. Hakuwahi kupewa sifa zilizomuuma vile.

Mchana aliporudi, Bibi Kamua alimwita kutoka chumbani. Najua alipoingia, kitu cha kwanza alichokiona ni karatasi. Juu ya jiko palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi: ZIMA JIKO. Mlangoni kulikuwa na nyingine: UFUNGUO UKO WAPI? Bibi alikuwa ameketi kitandani, na miguuni pake kulikuwa na sanduku la bati lililokuwa wazi, nguo zimekunjwa ndani.

"Mjukuu wangu, nichotee maji ya kunywa hapo kwenye ndoo. Sitaki kushika kitu tena nikakiharibu."

Najua alichota, akampa. Kikombe kilitikisika mikononi mwa Bibi. Ile mikono iliyokamua mashuka ya hospitali nzima.

"Mwezi uliopita nilisahau sufuria motoni," Bibi alisema. "Nikajiambia ni uchovu tu. Sasa bomba. Nimelivunja, mjukuu wangu, na sikumbuki hata kidogo. Usiku nimejaribu kukumbuka nikachoka. Unajua inavyotisha? Ni kama kuingia chumbani kwako ukakuta vitu havipo, na mlango ulikuwa umefungwa."

"Sanduku ni la nini, Bibi?"

"Mwanangu alisema zamani, 'Mama, siku utakapoanza kusahau mambo, nakuja kukuchukua.' Nimempigia simu. Anakuja kesho asubuhi." Bibi alijaribu kucheka. "Anaishi mbali, ghorofa ya nne. Huko maji hayakatiki, kwa hiyo hakuna wa kumgongea mlango. Nitakaa dirishani nitazame magari."

"Bibi..."

"Naam, mama?"

Neno lilifika kwenye meno likarudi. "Hakuna kitu," alisema Najua, akatoka.

Jioni ile alimfuata Mama jikoni mara tatu, na mara tatu aliishia kuuliza kama aoshe vyombo. Jana ingekuwa rahisi kusema: nimevunja bomba. Leo ilibidi aseme pia kwamba amedanganya, kwamba alirudia uongo kwa Baba, kwamba amepigiwa makofi shuleni, na kwamba amemwangalia Bibi akifungasha nguo zake. Kila alivyochelewa ndivyo mzigo ulivyoongezeka, na yeye ndiye aliyekuwa akiuongeza kwa mikono yake.

Jumamosi hakuna aliyegonga milango.

Maji yalikuja, yakanguruma ndani ya tangi, na nyumba nzima ikalala. Jua lilipokuwa limeshatoka ndipo Dereva alipochomoka na shuka kiunoni. "Jamani, maji! Mbona hatukuamshwa?" Kila mtu akatazama mlango wa mwisho. Ulikuwa umefungwa. Mama Pacha alifungua mdomo kusema kitu, akaufunga.

Baba alileta mfuko wake, akapiga goti mbele ya bomba. Kabla hajaanza kulifungua, gari dogo la mizigo likasimama langoni. Alishuka mwanamume mnene mpole, akawaamkia watu wote, akaingia chumba cha mwisho. Sanduku la bati likatoka. Kikatoka kiti, kisha godoro lililofungwa kamba. Mwishoni akatoka Bibi mwenyewe, amevaa gauni lake la kutokea, mkononi ameshika beseni kubwa la bati alilofulia maisha yake yote.

Alimuaga Dereva. Alimuaga Mama Pacha, akawagusa pacha mashavu. Akafika kwa Najua.

"Beseni hili chukua wewe, mjukuu wangu. Kule ghorofani halina kazi. Wewe ndiye uliyeninywesha maji wakati mimi naogopa hata kikombe."

Najua alilipokea beseni. Lilikuwa zito kuliko alivyotazamia. Kilio alichokizuia siku mbili kikatoka pamoja na maneno.

"Bibi, si wewe! Ni mimi! Nimelivunja mimi kwa spana ya Baba. Wewe ulikuwa umelala. Nililikaza likavunjika, nikaona aibu, nikaingia ndani nikajifanya nasoma. Wewe ulilikuta linamwaga, kama ulivyosema!"

 Mtoto wa Bibi alisimama na kamba mkononi. Mama alijishika mdomo.

Bibi Kamua alimgeukia Najua. "Mchana nilisuuza kikombe," alisema polepole.

"Ndiyo, Bibi."

"Nikalifunga bomba."

"Lilikuwa limefungwa, Bibi. Lilikuwa linavuja kidogo tu kama siku zote."

"Nililifunga!" Bibi alimgeukia mwanawe, uso wote umefunguka. "Umesikia wewe? Nililifunga! Nilijua nimelifunga!" Alicheka kwa sauti, akajipiga paja. Halafu kicheko kikaisha, akamgeukia tena Najua. "Na wewe ulikuwa umesimama hapa. Uliniona nikiwaomba watu radhi."

"Ndiyo."

"Na jana uliyaona makaratasi yangu ukutani."

"Ndiyo, Bibi." Bibi hakupaza sauti. Angepaza, ingekuwa nafuu.

Baba alikuwa ameshika spana yake, akalifungua bomba na kulitoa. Akaligeuza juani. Kwenye kishikio kulikuwa na alama za meno ya spana, zimechimba mpaka chuma cheupe. "Mikono ya Bibi ina nguvu," alisema, "lakini haina meno ya chuma. Mtu yeyote angetazama angeona. Nami sikutazama, nilipokea tu walivyosema watu." Akamgeukia Bibi. "Bibi, aibu hii si ya mtoto peke yake. Kipira cha ndani kilikwisha miezi mingi iliyopita. Ningekibadilisha, asingekuja na spana."

"Na mimi nilikurupuka," Mama Pacha alisema, macho chini. "Nisamehe, Bibi."

Bibi aliketi juu ya sanduku lake katikati ya ua. Akamwita Najua kwa kidole, naye akasogea akiwa bado amelikumbatia beseni.

"Mimi sijui mabomba," Bibi alisema, "najua madoa. Nguo ikiingia doa, ukiiosha hapohapo, maji matupu yanatosha. Ukiikunja uifiche kabatini kwa sababu unaona haya, doa linakauka na kuingia kwenye nyuzi. Sasa utafute sabuni, uchemshe maji, usugue mpaka vidole vichubuke, na pengine nguo itatoboka. Alhamisi ulikuwa na doa bichi, mjukuu wangu. Ungesema 'Bibi, amka, nimeharibu,' ningekugombeza kidogo tukaenda kumtafuta baba yako. Mtu hafi kwa kugombezwa. Umeona haya kwa kosa dogo, ukanibebesha mimi, na mzigo wenyewe ulikuwa akili yangu."

Najua hakusema kwamba anajua.  Machozi yalidondokea ndani ya beseni la bati na kulia kama lile bomba.

"Kwa hiyo utasugua," Bibi aliendelea. "Kila siku ya maji utaamka pamoja na mimi, tutasikiliza tangi, na milango utagonga wewe. Na huko shuleni wanajua nini?"

Najua akajibu, "Wanajua nimelitengeneza. Mwalimu alinipongeza."

"Ohoo!" alisema Dereva.

"Basi Jumatatu utasimama darasani uwaambie ulivyolitengeneza," Bibi alisema. "Yote. Mpaka sehemu ya daftari la hesabu."

Mtoto wa Bibi alikohoa. "Mama, nishushe vitu?"

"Shusha."

"Na lile la sufuria?"

"Sufuria niliisahau kweli," alisema Bibi. "Sufuria moja katika miaka sabini. Wewe uliwahi kusahau shule ilikuwa wapi mwezi mzima, na sikukupeleka kwa mtu. Shusha kiti."

Watu wakacheka, na safari hii hata Mama Pacha alicheka. Baba peke yake hakucheka. Alimwita binti yake.

"Njoo hapa. Kabla ya kushika bomba lolote, tunafunga koki kuu. Unajua iko wapi?"

Mdomo wa Najua ulifunguka kwa mazoea. Wapangaji wote wakamtazama. Akaufunga.

"Sijui, Baba. Nionyeshe."

Baba alimpeleka chini ya mnara, akasogeza bati, akamwekea mkono wake ndani ya shimo mpaka akaishika koki mwenyewe. Akamfanya aifungue kidogo, kisha aifunge tena. Kisha wakarudi, na Baba akamwonyesha kile kipira cha ndani, kimekatika vipande viwili kwa kukazwa. "Bomba linalovuja halikazwi, mwanangu. Linafunguliwa, unatazama ndani, unatoa kilichooza. Ukikaza tu juu, unaficha. Na kinachofichwa hukusubiri." Najua ndiye aliyefunga bomba jipya, Baba akimwelekeza, na kila alipoelekezwa alisikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Ilichukua muda mrefu kidogo.

Koki kuu ikafunguliwa. Maji yakatoka safi, yakajaza ndoo ya kwanza.

"Bibi, lifunge wewe," alisema Najua.

Bibi Kamua aliinuka kutoka kwenye kiti chake, ambacho kilikuwa kimeshashushwa garini. Alisimama mbele ya bomba, akaikunja mikono ya gauni lake la kutokea. Alinyoosha vidole viwili tu, akagusa kishikio, akakizungusha taratibu. Maji yakakatika. Wote waliinama kutazama mdomo wa bomba, wakangoja. Hakikudondoka kitu.

"Kumbe taratibu ninaiweza," Bibi alisema. Akavifuta vidole vyake, akamnyooshea Najua mkono. "Na beseni langu rudisha. Sijaenda popote."